Kwenda Turkana peke yako kupumzisha roho: mwongozo kamili kwa mtu wa Nakuru, Kisumu na magharibi yote

Naandikia mtu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Kitale huko kote, ambaye mwaka umemkalia vibaya. Labda kazi imeisha, labda mmeachana na mtu, labda umezika, matanga yakaisha, watu wakaenda kwao na wewe ukabaki na masufuria ya kurudishia majirani, na sasa unahisi unataka kwenda mahali mbali uwe peke yako kidogo. Wengi wakisikia mbali wanafikiria Mombasa. Mimi nakuambia geuka uangalie kaskazini. Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na ukipita Lodwar kuna Ziwa Turkana, ambalo ndilo ziwa la kudumu kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani, na unaweza kufika hapo kwa matatu za kawaida bila kukodisha gari la watalii.

Kitu kimoja nataka ushike kabla ya mengine yote. Huko hupumziki kwa sababu umeona vitu vingi, unapumzika kwa sababu kwa siku chache hakuna mtu anakuhitaji. Hakuna wa kukutumia ujumbe wa mchango, hakuna bosi, hakuna mtoto wa ndugu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya fees. Kwa hivyo kila hatua hapa chini ni ya kulinda hicho kitu, na ukiona nimerudia rudia maneno ya kukaa mahali pamoja ujue ni kwa sababu hiyo.

Na hii niseme mapema: kama unafikiria kujiumiza, ama ni wiki nyingi huli wala hulali, usiende peke yako. Ongea na daktari kwanza au mtu unayemwamini, safari itangoja. Jangwa ni zuri kwa mtu aliyechoka, kwa mtu mgonjwa halifai.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pamoja tu

Njia za kwenda kaskazini kutoka kwetu ziko tatu. Kuna ya Kitale, Kapenguria, Lodwar, halafu ziwani upande wa magharibi. Kuna ile ya watu wa Nakuru kupitia Nyahururu, Rumuruti na Maralal, unaendelea Baragoi na South Horr mpaka Loiyangalani, upande wa mashariki wa ziwa, kule kwenye upepo ambao unazungusha zile turbini 365 za umeme. Na kuna ya Isiolo kwenda Marsabit, lami mpaka mwisho, mlima wenye msitu katikati ya ukavu na ng'ambo yake jangwa la Chalbi.

Kama ni mara yako ya kwanza peke yako, chukua ya Kitale, hata kama unatoka Nakuru. Ukipita Maralal usafiri unakuwa wa kubahatisha, unaweza kulala njiani ukingoja lori, na upande wa Baragoi na bonde la Suguta umeona mambo mabaya ya wizi wa mifugo. Hiyo iache ya siku utakuwa na mwenzako. Hii ya Lodwar ina gari kila siku, Kiswahili kinasikika njia yote, na Lodwar kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Mtu yuko peke yake lazima ajue akiugua atapelekwa wapi.

Ziwani kwenyewe chagua kati ya Kalokol na Eliye Springs. Kalokol ni mji wa wavuvi, kama kilomita 60 kutoka Lodwar, matatu zipo, na utapata hata Waluo na Waluhya wanafanya biashara ya samaki hapo kwa hivyo mtu wa Kisumu hatakosa wa kuongea naye. Eliye ni kimya zaidi, kuna chemchemi za maji matamu zinatoka mchangani na mikoma, ile mitende ya mwituni, imejipanga, lakini gari za abiria ni chache na mara nyingi utakubaliana bei na boda ama gari ndogo kutoka Lodwar. Mimi kwa mtu anayetaka kupumzika kabisa ningesema Eliye, kwa mtu ambaye kimya kingi kinamtisha ningesema Kalokol. Usifanye zote mbili. Na kabla hujalipa booking piga simu uulize kama mahali bado pako, maana ziwa limepanda miaka hii kama Baringo na Nakuru yetu, na sehemu zingine za ufuo zimeingia maji.

Hatua ya pili: malizana na watu wa nyumbani na simu

Hapa ndio watu wanakosa kupumzika, na hawajui ni hapa. Unafika ziwani, network inashika, unafungua wasap unapata jumbe mia tatu na moja inasema "tafadhali nipigie", na hapo roho imerudi Nakuru mwili umebaki mchangani.

Fanya hivi wiki mbili kabla. Chagua mtu mmoja, dada yako ama rafiki ambaye hapigi kelele, huyo ndiye atajua uko wapi na ndiye pekee utaongea naye. Mpe ratiba yako imeandikwa: siku ya kutoka, unalala wapi, namba ya mwenye lodging, siku ya kurudi, na mkubaliane saa moja ya kutuma ujumbe kila siku, tuseme saa moja jioni. Mkubaliane pia kwamba ukikosa jioni moja asiogope maana huenda ni network, ukikosa mbili apigie mwenye lodging, akikosa jibu hapo apigie polisi Lodwar. Hii si kujitisha, hii ndiyo inafanya ulale.

Wengine wote waambie unasafiri kikazi ama uko mapumzikoni, vyovyote, lakini waambie kabla, na michango yote ya hizo wiki tuma mapema, ya chama, ya harusi, dawa za mama. Ukienda na deni la mchango kichwani utalifikiria mpaka urudi. Mama mwenyewe mpigie simu, usimtumie ujumbe. Mzazi akisikia Turkana atafikiria bunduki, na ukimwachia huo wasiwasi atakupigia kila saa, kwa hivyo mweleze polepole, mwambie nani anajua uko wapi, msikilize amalize. Akikuombea hapo kwa simu kubali, usikate.

Halafu simu: toa data, magrupu yote nyamazisha, ramani dauniload mapema ikae ndani. Beba pawa benki kubwa. Simu yako huko ni ya dharura na mpesa.

Hatua ya tatu: msimu na usalama

Joto la Lodwar ni nyuzi 35 na zaidi mchana karibu mwaka mzima, kwa hivyo usingoje msimu wa baridi, hakuna. Kitu cha kuangalia ni mvua. Aprili na Mei ni ya kuepuka, Oktoba na Novemba pia uwe mwangalifu, na si kwa sababu utaloweshwa, ni kwa sababu ya laga. Laga ni mto wa mchanga, mkavu kabisa, watu wanapita na mbuzi, lakini mvua ikinyesha milimani mbali huko hata kama juu yako ni jua kali, maji yanashuka kwa nguvu na kubeba gari. Usilale ndani ya laga, usipige hema humo hata kama mchanga wake unavutia, na gari likisimama mbele ya maji subiri na wengine, usishuke kujaribu kuvuka kwa mguu.

Usalama niseme ukweli. Februari 2023 serikali ilitangaza kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, kuwa zenye misukosuko na ikapeleka jeshi. Sehemu ambayo imesumbua kwa miaka ni kule mpakani mwa hizo kaunti mbili, Kainuk kwenda upande wa Lokichar. Mambo hubadilika wiki kwa wiki, kwa hivyo usitegemee nilivyoandika mimi wala alivyopost mtu mwaka jana. Nenda stage ya Kitale siku moja kabla, ongea na madereva wenyewe, si wale wa kuita abiria, uliza "barabara iko aje wiki hii" na uliza madereva wawili tofauti. Wakikuambia imechafuka, lala Kitale ama rudi. Na safiri mchana tu. Kuna magari ya usiku, achana nayo hata kama seat ni rahisi.

Hatua ya nne: afya na begi

Sisi wa Nakuru tuko juu kwenye baridi na miili yetu haijazoea malaria, na Turkana malaria iko, ukavu usikudanganye. Nenda kwa famasia ama daktari uulize dawa ya kuzuia, kuna za kuanza kabla ya kusafiri. Wa Kisumu nanyi msijipe moyo kwamba mmezoea, bebeni neti. Neti beba yako mwenyewe, ile ya kufungwa kwa kamba, maana usiku kuna joto na mara nyingi utataka kulala nje.

Kuna ugonjwa unaitwa kala-azar ambao uko Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na Marsabit, unaletwa na nzi wadogo wa mchanga ambao wanapenda kukaa kwenye vichuguu. Jioni usikae karibu na kichuguu, vaa mikono mirefu, paka dawa ya kufukuza wadudu. Nyoka na nge wapo pia, kuna nyoka mdogo mwenye sumu wa rangi ya mchanga ambaye humwoni, kwa hivyo usiku ni tochi na viatu vya kufunika mguu hata kama unaenda choo hatua kumi, na asubuhi viatu vikung'ute kabla hujavaa.

Maji ndio kitu cha kwanza kwenye begi na kwenye bajeti. Hesabu lita nne hadi tano kwa siku, mtu mmoja, ya kunywa tu. Maji ya ziwa yana magadi, na visima vingi vya huko vina floraidi nyingi, kwa hivyo nunua ya chupa Lodwar, jerikani zile za lita ishirini, uende nazo ziwani. Beba pakiti za ORS, zikiisha tengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dalili ya kukosa maji mwilini si kiu tu, ni kichwa kuuma pia na kukasirika bila sababu. Ukijiona umeanza kukasirikia watu, kunywa maji.

Zingine kwa haraka: kofia pana, leso mbili, shati nyepesi ya mikono mirefu, sweta moja ya Kapenguria asubuhi, dawa zako za kawaida, daftari na kalamu, kitambulisho halisi maana kuna vizuizi vya polisi. Pesa taslimu kidogo kwa noti ndogo, nauli ya kurudi ukiiweka mfuko wa pembeni ambao huugusi. Lodwar kuna benki na mpesa kila kona, ziwani usitegemee.

Hatua ya tano: njia yenyewe

Siku ya kwanza fika Kitale ulale. Kutoka Nakuru ni Eldoret halafu Kitale, kutoka Kisumu ni Kakamega, Webuye, Kitale. Asubuhi chukua gari la mapema kabisa na ombea seat ya dirishani upande wa kushoto, jua la asubuhi linapiga kulia.

Unatoka Makutano ya Kapenguria ukiwa umejifunika, mko zaidi ya mita 2,000 juu, halafu barabara inaanza kushuka kupitia Ortum, milima ya Cherangany kulia, mto uko chini unauona na kuupoteza, na watu ndani ya gari wanaanza kuvua masweta mmoja mmoja. Pale Marich milima inafunguka ghafla na mbele ni tambarare, miiba na hewa ya moto inaingia dirishani. Ukifika ziwani utakuwa umeshuka mpaka kama mita 360. Mwili unahisi hiyo tofauti, kwa hivyo siku hiyo usipange kitu kingine. Kula kidogo, kunywa kidogo kidogo njia yote, na kama wewe ni mwanamke peke yako kaa seat ya mbele ama karibu na mama mwenye mizigo, mjulishane majina. Mama wa hiyo njia akishajua unaenda wapi atakuonyesha wa kumfuata ukishuka.

Hatua ya sita: Lodwar, usiku mmoja

Lala Lodwar usiku mmoja uzoee joto. Tafuta lodging yenye feni na maji, iwe katikati ya mji. Jioni likipoa tembea. Hapa ndipo Kenyatta aliwekwa kizuizini baada ya kutoka jela ya Lokitaung, kabla hajapelekwa Maralal mwaka 1961. Ukikaa jioni na kutazama ule ukavu pande zote unaelewa mbona wakoloni walichagua huku.

Nunua maji, matunda, majani ya chai, sukari na tumbaku kidogo. Sukari na tumbaku ni za wazee utakaokaribishwa kwao.

Hatua ya saba: kufika ziwani na kukaa na watu

Ukifika jitambulishe kabla hujaanza kuzunguka. Mwambie mwenye lodging akupeleke kwa chifu ama mzee wa pale, useme jina lako, unatoka wapi, umekuja kupumzika siku ngapi. Hiyo dakika kumi inakulinda kuliko askari. Salamu ni "ejok", anajibu vivyo hivyo, na shukrani ni "alakara". Watu hapa hawana haraka na salamu, usiikimbize.

Picha usipige bila kuuliza, hasa mama mwenye shanga na wazee. Mimi naona siku mbili za kwanza usipige hata moja.

Utaombwa chakula na pesa, jitayarishe roho. Hawa watu walipitia ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo na mifugo ikaisha. Usigawe noti njiani, nunua. Nunua samaki, nunua kikapu, lipa kijana akuonyeshe njia na umlipe ile mlikubaliana bila kupunguza. Kama unataka kukaa mahali bila kusumbuliwa, kaa na wanaofanya kazi. Mama mmoja Kalokol alikuwa anasuka kikapu cha majani ya mkoma: anatoa ukanda mmoja kwenye kipande cha jerikani chenye maji, anaupasua kwa meno, anauingiza chini ya ule mwingine na kuukaza kwa kidole gumba, halafu anatafuta mwingine bila kuangalia. Nilikaa kando yake asubuhi nzima na hakuniuliza chochote, akanisogezea tu kivuli jua liliposogea. Nilijifunza kukaa hapo, na nakushauri utafute mtu kama huyo.

Kuogelea uliza wenyeji ni wapi watoto wao wanaoga, na uende hapo hapo tu, kwa sababu mamba wapo wengi. Kisiwa cha Kati, hapo ndani ya ziwa, ni kizuri sana, kina maziwa matatu ndani ya mashimo ya volkano, na pamoja na mbuga ya Sibiloi kiliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1997, lakini boti inalipwa kwa boti si kwa kichwa, kwa hivyo mtu mmoja anaumia. Ukipata wageni wengine mchangie, ukikosa kiache. Ukienda, laifu jaketi lazima, na mvuvi akisema upepo umekataa usimbembeleze hata kama umelipa.

Hatua ya nane: siku zenyewe

Kaa angalau siku nne hapo hapo. Siku ya kwanza ni usingizi. Ya pili ni mbaya, nakuambia mapema ili usikimbie: utaboeka, utatafuta simu mara kwa mara, yale uliyoyakimbia yatakuja yote pamoja, utafikiria kurudi Lodwar jioni hiyo. Kaa. Lia kama kilio kinakuja, upepo wa huko una kelele ya kutosha hakuna atakayekusikia. Kwa wengi inalegea siku ya tatu, na ikikataa kulegea, usingizi hakuna na mawazo yanazidi kuwa meusi, mpigie yule mtu wako mmoja na urudi, hakuna aibu.

Siku ipange kwa jua, si kwa saa. Amka kukiwa bado giza kidogo utembee ufuoni, mpaka saa mbili hivi. Saa tano hadi saa kumi lala kivulini, usijaribu kuwa shujaa, angalia wazee wenyewe, mzee anaweka ekicholong yake chini, kale kakiti kadogo ka mbao wanakotembea nako, anaegemeza kichwa na analala. Jioni oga, kula samaki, chai. Andika kwenye daftari jioni tu, ukurasa mmoja, na usiandike mipango ya maisha. Andika ulichoona. Maamuzi makubwa, ya ndoa, ya kazi, ya kuuza shamba, usifanye ukiwa huko na usitume ujumbe wa maamuzi usiku. Yaache mpaka ukae nyumbani wiki moja.

Usiku toa godoro nje ukiruhusiwa, funga neti, zima taa. Anga ya huko nyota ni nyingi mpaka zile unazozijua unazikosa. Na kama mawazo yanakuja kwamba shida yako ni kubwa, kumbuka uko kwenye bonde ambalo mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa bingwa wa kutafuta mabaki ya watu wa kale, aliokota kipande cha fuvu kule Nariokotome, upande huu huu wa ziwa, ikatokea mifupa ya kijana aliyeishi karibu miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mimi hiyo inanituliza kuliko mahubiri mengi.

Hatua ya tisa: kurudi

Usirudi Jumapili usiku uingie kazini Jumatatu, utapoteza yote. Rudi Alhamisi ama Ijumaa. Toka ziwani mapema, Lodwar, kisha siku inayofuata gari la asubuhi kwenda Kitale. Kama una nguvu shukia Makutano uende makumbusho ya Kapenguria, ile jela ya Kenyatta na wenzake watano wa kesi ya 1952 hadi 1953, ni mahali padogo na hapachukui muda. Lala Kitale usiku mmoja. Simu fungua ukiwa Kitale, si njiani, na anza na mama.

Magrupu usiyarudie yote. Yale hukuyakosa ukiwa ziwani, toka.

Na kwa mwezi mzima ukirudi, homa yoyote nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo, usinunue panadol ungoje. Ikija homa ya kuendelea zaidi ya wiki mbili hata baada ya miezi kadhaa, unakonda na tumbo limejaa upande wa kushoto, fikiria kala-azar. Hospitali nyingi za huku kwetu hawaioni mara kwa mara, kwa hivyo mwambie daktari umetoka Turkana bila kungoja akuulize.